Kopo la Zambuk, babu yangu saisi, na mbio za farasi za vijijini Australia

Nyanya yangu alikua na kopo la Zambuk ambalo utotoni niliamini haliishi. Lilikaa kwenye pindo la leso yake pamoja na hela za chenji na funguo ya kabati, na mtu akiumia popote pale nyumbani, awe amejikata na panga, ameng'atwa na siafu, amebanwa na mafua au shavu limevimba kwa jino, jibu lilikua moja, njoo hapa nikupake Zambuk. Nikiinusa leo hii narudi Njoro moja kwa moja, jioni, moshi wa kuni, na vidole vyake vikavu kifuani kwangu.

Babu naye alikua na yake. Yeye alikua saisi, mtunza farasi, kwa mzungu mmoja upande wetu ule, zile siku za mwisho mwisho za ukoloni ambapo wenye mashamba walikua wakipeleka farasi wao kushindana Nakuru. Anaamka saa kumi alfajiri, anawapiga burashi, anawatembeza kwenye umande, na jioni baada ya mazoezi anawachua miguu kwa dawa fulani ya maji, chupa yenye picha ya farasi, harufu kali mpaka machozi yanatoka. Basi usiku akirudi kibandani kwake na magoti yanamuuma anajichua na hiyohiyo. Alikua akituambia, kama inamfaa farasi wa bwana mkubwa, mimi itanikataaje?

Nilidhani hiyo ni hadithi ya babu yangu peke yake. Kumbe ni historia ya dunia nzima, na sehemu iliyoandikwa vizuri zaidi iko mbali sana na Njoro.

Miaka kama mitatu iliyopita nilitaka tu kujua hili neno Zambuk limetoka wapi maana si Kiswahili, si Kikikuyu, si Kiingereza. Nikajikuta Australia. Maktaba ya taifa ya kule imepiga picha magazeti yao ya zamani na kuyaweka bure kwenye tovuti inaitwa Trove, unaingia unasoma, mpaka vigazeti vya miji midogo ya miaka ya 1870 na 1880, na mimi nikazama humo jioni baada ya jioni mpaka mke wangu akaniuliza kwani hao watu ni ndugu zako? Jambo la kwanza nililokuta ni kwamba kule Australia na New Zealand, zambuk kwa miaka mingi ilikua jina la mtu. Wale wa huduma ya kwanza wanaokaa pembeni ya kiwanja na begi lao wakisubiri mtu aanguke, watu waliwaita zambuk kwa sababu ya hii marhamu ya nyanya yangu. Jambo la pili ni kwamba kwenye yale magazeti habari za mbio za farasi na matangazo ya dawa zinakaa pamoja, ukurasa mmoja, safu kwa safu, hapa matokeo ya Jumamosi na pale vidonge vinavyotibu ini, figo, damu chafu, huzuni na kichwa. Mwanzoni nilikua naruka matangazo nisome mbio. Baadaye nikaanza kuruka mbio nisome matangazo. Sasa nasoma vyote viwili kama kitu kimoja, maana naamini vilikua kitu kimoja.

Wacha nieleze mbio kwanza. Watu wengi wakisikia Australia na farasi wanafikiria Melbourne Cup, ile iliyoanza 1861, watu kama 4,000 wakamwangalia farasi anaitwa Archer akishinda, akarudi 1862 akashinda tena. Hiyo ni ya mjini. Na hata hiyo ilitanguliwa mbali, maana mbio rasmi za kwanza kabisa zilikua Sydney Oktoba 1810, Hyde Park, wakiziandaa maofisa wa jeshi. Mimi kilichonivuta ni zile za mashambani. Dhahabu ilipopatikana Victoria na New South Wales 1851 watu walimiminika, vijiji vikaota kila penye shimo, na karibu kila penye hoteli na watu mia kukawa na siku ya mbio. Mara nyingi mwenye hoteli ndiye anayesukuma jambo lenyewe, kwa sababu siku ya mbio ndio siku anauza pombe ya miezi mitatu, na kulikua kabisa na shindano la kawaida ambalo zawadi yake imechangwa na hao wenye hoteli. Njia ya kukimbilia ni malisho ya mtu, wamekata miti, wamechomeka vigingi, sehemu nyingine kisiki bado kipo na kila mpandaji anakijua. Jukwaa ni mbao na magome ya miti. Majaji ni wenye mashamba makubwa. Zamani zaidi farasi mmoja alikua anakimbia raundi mbili tatu za maili kadhaa siku hiyohiyo, anapumzishwa kidogo, anasuguliwa, anarudi tena mbioni. Kulikua na mbio za farasi wanaokula majani tu, ili farasi wa kazi, yule anayechunga ng'ombe wiki nzima, asishindanishwe na farasi wa zizini anayelishwa nafaka, na hilo nalipenda sana, mtu alikaa akafikiria haki ya farasi maskini.

Na nani anapanda? Vijana wa mashambani, na kwenye mashamba mengi ya ng'ombe ya ndani ndani huko walikua Waaborijini, wenyeji wa ile ardhi, watu ambao ustadi wao juu ya farasi ulikua unasifiwa na kila mtu na mshahara wao ulikua mgao wa unga, chai, sukari na tumbaku. Kwenye matokeo farasi ana jina, mwenye farasi ana jina na heshima zake zote, mpandaji mara nyingi hana. Nikisoma hivyo namfikiria babu. Hakuna gazeti lolote la Kenya lililowahi kuandika saisi wa farasi fulani alikua fulani, na yeye ndiye aliyekua analala na yule farasi akiumwa.

Turudi kwenye dawa. Fikiria uko kwenye kijiji kama hicho, miaka ya 1870. Daktari yuko mbali, siku mbili tatu kwa farasi, na akifika hela yake ni mshahara wako wa muda mrefu, na hata akifika kuna mengi hawezi kuyatibu, hakuna antibiotiki, hakuna chanjo za watoto kama tunazozijua. Mwanao anaharisha damu. Lakini posta inafika, gazeti linafika, na kwenye duka la kijiji kuna rafu imejaa chupa. Mfa maji hushika maji. Watu waliokua wakinunua zile chupa hawakua wajinga, na huwa inaniuma nikisikia mtu akiwacheka.

Mfalme wa hii biashara alikua Thomas Holloway wa London. Alianza na marhamu 1837, kisha vidonge, na alielewa jambo moja kuliko watu wote wa wakati wake, kwamba kinachouza ni tangazo. Alitangaza kila kona ya himaya ya Waingereza na nje yake, magazeti ya Australia yamejaa jina lake, na alikuja kutumia mpaka pauni 50,000 kwa mwaka kwenye matangazo peke yake. Alitajirika mpaka akajenga chuo cha wanawake kilichofunguliwa na Malkia Victoria mwenyewe 1886, chuo ambacho bado kipo na ni kizuri. Hela za vidonge hizo. Na ndani ya kidonge kulikua na nini? Shubiri. Ndugu zangu, shubiri! Ile ile mama anayopaka titi ili mtoto aache kunyonya. Vidonge vya Beecham navyo hivyohivyo, shubiri, tangawizi na sabuni. Mwaka 1909 chama cha madaktari wa Uingereza kilipeleka dawa hizi maabara kikatoa kitabu cha matokeo, ikaonekana kwamba viungo vya boksi zima la vidonge 56 vya Beecham vilikua na thamani ya kama nusu ya robo ya peni, na boksi lilikua linauzwa zaidi ya shilingi moja. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mara 100. Na tangazo lenyewe lilikua linasema boksi lina thamani ya gini nzima, yaani shilingi 21.

Hizo za shubiri angalau zinakuharisha tu. Chlorodyne, iliyobuniwa na daktari wa jeshi la Waingereza kule India, John Collis Browne, ilikua na kasumba, bangi na klorofomu. Kwa kipindupindu na kikohozi, na kweli ilifunga tumbo na kweli mtu alilala, ndio maana watu waliiamini, na ndio maana wengine hawakuweza kuiacha tena. Mbaya zaidi, mbaya kuliko zote kwangu, ni sharubati ya Mrs Winslow, ya watoto wanaoota meno. Ilitoka Marekani na ikasambaa dunia nzima, kwenye tangazo kuna mama mzuri na mtoto ametulia. Ilikua mofini, dawa kali ya usingizi inayotokana na kasumba. Mtoto ametulia kwa sababu amelishwa mofini, na wako ambao hawakuamka. Nina watoto wawili, nimelisoma hilo tangazo usiku nikashindwa kulala.

Halafu unajiuliza, mbona hakuna aliyejua kilichomo? Hapa kuna kitu sikukijua kabisa. Kwa Kiingereza wanaziita dawa za hataza, yaani za haki ya mvumbuzi kumiliki alichobuni, na mimi nilidhani maana yake zimesajiliwa na serikali, zimekaguliwa. Kumbe kinyume. Ukitaka hataza ya kweli lazima uandike wazi kilichomo na namna ya kukitengeneza, na hawa ndicho hasa walichokua hawataki. Walichosajili ni jina na lebo. Uingereza ilizitoza ushuru na kubandika stempu juu ya chupa, na mnunuzi akiona stempu ya serikali anaamini serikali imeikubali dawa, kumbe serikali imechukua kodi yake tu ikaenda zake.

Sasa farasi. Kulikua na kampuni ya Elliman, ya Slough, Uingereza, iliyouza dawa ya kuchua ya aina mbili, moja ya wanyama wameiita ya kifalme na nyingine ya binadamu. Tapentaini, siki na mayai, ndio msingi wake. Marekani nako ile ya Sloan ilianza kama dawa ya farasi kabla ya kuhamia kwa watu, yenye pilipili ndani. Kwa hiyo babu hakukosea hata kidogo! Kwenye yale mazizi ya mbio za vijijini mstari kati ya dawa ya mtu na dawa ya farasi ulikua mwembamba sana, chupa zinakaa rafu moja, mtu anayemchua farasi ndiye anayeuguza wenzake, na akiteguka kiwiko anajimiminia hiyo iliyo karibu.

Lakini mstari huo ukiwa mwembamba sumu nayo inapita. Kuna dawa inaitwa ya Fowler, ya daktari Mwingereza Thomas Fowler, tangu 1786, kwa homa za binadamu. Ni aseniki. Waliigeuza tonik, dawa ya kuongeza nguvu, ya farasi kwa sababu ukimpa kidogokidogo anachangamka, manyoya yanang'aa, anakula vizuri. Australia waliitumia kwenye mazizi miaka na miaka, hata baada ya makoloni yao kuungana kuwa nchi moja 1901. Na ndipo tunafika kwa Phar Lap. Farasi aliyezaliwa New Zealand, mwekundu, mkubwa, alikimbia mara 51 akashinda 37, alishinda Melbourne Cup 1930 wakati watu hawana kazi na hawana mkate na yeye ndiye furaha yao, mpaka leo ukimtaja kwa Waaustralia wazee wanabadilika sura. Alikufa ghafla California tarehe 5 Aprili 1932. Watu wakasema majambazi wa Kimarekani wamemlisha sumu. Mwaka 2010 wanasayansi waliopima nywele zake walitoa matokeo kwamba alikula aseniki nyingi saa chache kama 30 au 40 kabla ya kufa. Na miaka miwili kabla ya hapo, makumbusho ya Melbourne yalikua yamepata daftari la tonik la mwalimu wake Harry Telford, limejaa mapishi ya zizini, yamo aseniki, imo strikinini, sumu nyingine. Nani alimpa na kwa nia gani watu wanabishana hadi kesho. Mimi naona daftari linatosha kunihuzunisha, maana lile daftari ni la mtu aliyempenda farasi wake. Ngozi ya Phar Lap iko Melbourne, mifupa Wellington, na moyo wake wa kilo 6 na kitu uko Canberra kwenye mtungi.

Nilisema nilianza na Zambuk, sijasahau. Kampuni iliyotoa Zambuk 1902, Leeds, ilikua tayari imetajirika kwa kitu kingine, vidonge vya Bile Beans, ambavyo vilianza kuuzwa Australia mwishoni mwa miaka ya 1890. Hadithi yao ilikua kwamba mwanasayansi mmoja, Charles Forde, aliwaona Waaborijini jinsi walivyo na afya, akawachunguza, akagundua mmea wao wa siri. Ikavutia, ikauza. Halafu wakajifunga wenyewe, walimshtaki mfamasia wa Edinburgh kwa kutumia jina lao, na kule mahakamani 1905 ikabidi waeleze, ikatoka kwamba Charles Forde hayupo, hajawahi kuwepo, na mmea wa Waaborijini haupo, ni vitu vya kuharisha vya kawaida pamoja na urukususu, ule mzizi mtamu, vinavyopatikana duka lolote la dawa. Jaji alisema biashara yote imejengwa juu ya ulaghai, ufedhuli na matangazo. Na bado waliendelea kuuza miongo na miongo baada ya hapo.

Hii inaniudhi kwa namna ya pekee. Watu walewale waliopanda farasi kwenye zile mbio bila jina gazetini, jina lao likaja kutumika kwenye tangazo la dawa ambayo hawakuwahi kuiona. Ukiwa na damu ya saisi huwezi kusoma hilo ukapita tu.

Zambuk yenyewe angalau haina mofini. Kafuri, mafuta ya mkaratusi, vitu vya kuchoma ngozi kidogo na kufungua pua. Na mkaratusi ni mti wa Australia, huohuo wazungu waliouleta huku na kuupanda kandokando ya reli, huohuo ambao nyanya alikua akichuma majani anachemsha anatufunika blanketi tujifukize. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu. Ile harufu niliyodhani ni ya Njoro imetoka kulekule kwenye vigazeti vyangu.

Huku kwetu farasi walikua na shida yao ambayo Australia hawana, ugonjwa wa farasi unaobebwa na usubi. Punda milia haumdhuru, lakini farasi mgeni ukimpata wa mapafu, zaidi ya tisa kati ya kumi wanakufa, anatoka povu puani na jioni amelala. Babu alituambia walikua wanawaingiza zizini kabla jua halijazama na kuwasha samadi ifuke moshi usiku kucha, na hilo kwa kweli lilikua na maana kuliko chupa yoyote iliyonunuliwa, maana usubi unauma kuanzia magharibi. Farasi aliyeugua akapona bei yake inapanda. Nairobi mbio zilikua Kariokor mpaka zikahamia Ngong Road 1954, na jina limebaki barabarani, maelfu ya watu wanapita Race Course Road kila siku na magunia na mikokoteni na sidhani wengi wanafikiria farasi.

Kuna sehemu ya hii habari ambayo nimeizungukia. Babu alikua na kisukari. Uzeeni alipata kidonda kidogo mguuni, cha kawaida tu, kiatu kilimbana. Hospitali yenye daktari wa hayo mambo ilikua mbali na nauli ilikua tatizo, na siku moja kwenye basi akapanda kijana mwenye suti na begi, anaongea vizuri, ana chupa. Babu akanunua. Akanunua tena mwezi uliofuata. Asubuhi anakunywa ile ya chupa, jioni nyanya anampaka Zambuk, kwa mapenzi yote, miezi minne, na kilipoanza kunuka ndio tukakodi gari. Mguu ulikatwa chini ya goti. Lilelile goti alilokua akilichua na dawa ya farasi. Aliishi miaka miwili baada ya hapo na hakuwahi kumlaumu yule kijana, alisema tu, aliongea na mimi vizuri.

Ndio maana nikisoma Australia waliamkaje nasoma kama mtu mwenye kesi. Mwaka 1907 tume ya kifalme ya Octavius Beale ilitoa ripoti nene juu ya dawa za siri, lakini kwa mtu wa kule ndani kabisa kilichobadilisha maisha kilikuja baadaye. Kuna kijiji kinaitwa Birdsville, Queensland, pembeni ya jangwa, ambako mbio za kwanza zilikimbiwa 1882, mbio zilezile za vumbi nilizoeleza. Bado zipo, kila Septemba maelfu wanafika kwenye kijiji cha watu wachache kiasi hicho, na mbio hizo huchangia hela kwa madaktari wa ndege. Hao walianza 1928 Cloncurry, kazi ya mchungaji John Flynn, na mwaka uliofuata ikaja redio ya kukanyaga kwa miguu kama baiskeli, ya fundi Alfred Traeger, ili mke wa mchunga ng'ombe aweze kuwasiliana na daktari kutoka maili mia tatu. Sisi huku tulipata ya kwetu 1957, ndege za AMREF.

Na kuanzia 1942 wakaanza kupeleka kwenye yale mashamba sanduku la dawa. Kila chupa ndani yake ina namba. Mama yuko kwenye redio, mtoto ana homa, daktari anamuuliza maswali, kisha anamwambia mpe namba fulani, kiasi hiki, mara ngapi, nitakuita jioni. Nimeangalia picha za lile sanduku mara nyingi sana. Chupa zimepangwa, hakuna picha ya mama mzuri, hakuna orodha ya magonjwa.

Chupa ya mwisho ya babu ninayo, nyanya alikua ameihifadhi kabatini sijui kwanini. Imebaki robo. Kwenye lebo kuna simba, na chini yake magonjwa 18 yameandikwa moja baada ya jingine, nimeyahesabu, kisukari ni la nne. Nimeigeuza pande zote. Hakuna mahali palipoandikwa ndani yake kuna nini.